Madoa ya Njano kwenye Mashuka ya Kliniki

Ninachotaka kuwasimulia hakiaminiki. Mimi mwenyewe ningesimuliwa na mtu ningemwambia akanawe uso kwanza. Lakini video ninayo, dakika mbili na sekunde kumi na moja, na kwa ajili ya hiyo video mama yangu mzazi hasemi na mimi tangu Alhamisi. Kwa hiyo kaeni vizuri, niwaanzie mwanzo.

Nyumbani kwetu tunafua. Mama ni dobi, na sisemi dobi wa kuzunguka na ndoo, ni dobi mwenye uwanja wake: kamba kumi na nne, mapipa manne, na cheti cha usafi kimetiwa fremu juu ya mlango utafikiri picha ya harusi. Mamdogo, yaani mdogo wake Mama, anapiga pasi chumba cha nyuma. Mimi naanika, naanua, nakunja, napeleka. Wateja wa mtaani tunao, wa shati mbili suruali moja, lakini mteja anayetulisha ni kliniki ya uzazi. Mashuka meupe, kila Jumatano na Jumamosi. Mama akishika mashuka ya kliniki hataki hata umsemeshe. Anayaloweka, anayafikicha, anayapitisha kwenye maji ya bluu ili weupe uite, halafu wanga mwepesi. Shuka la Mama ukilikunja linalia kama karatasi mpya.

Sasa mwezi uliopita matroni wa kliniki akarudisha furushi zima. Nikamkuta kalifungua mezani, ananionyesha kwa ncha ya kalamu kama vile hataki kugusa. Vidoa. Vya njano, vidogo kama ufuta, vingine vimevutika kama kipande cha uzi. Akasema wazazi wanaviona, wanadhani wanalazwa kwenye mashuka ya mtu mwingine. Wiki ya pili akarudisha tena, na safari hii akampigia Mama mwenyewe. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu Mama mikono ilikuwa na povu, kwa hiyo wote tulisikia.

"Mama Dobi, mimi nakuheshimu, umetufulia miaka tisa," matroni akasema. "Lakini furushi likirudi mara ya tatu, nampa mwenye mashine za kufulia."

Mama akasema sawa. Simu ilipokatika akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatuangalia mmoja mmoja.

Hapo ndipo nyumba ilipogeuka kituo cha upelelezi. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa Mamdogo, kwamba anakula huku anapiga pasi. Mamdogo alinuna siku mbili, akawa anapiga pasi kwa mikono iliyovaa soksi, kumkomesha dada yake. Mtuhumiwa wa pili bomba, eti lina kutu. Wa tatu sabuni, eti feki. Wa nne nikawa mimi, eti nikiwa na simu siangalii ninachoanika. Hapo ikaniuma. Nikachukua shuka lenye doa, nikaliweka juani, nikapiga picha, nikaivuta mpaka doa likajaa kioo kizima. Si kutu, si mchuzi. Nikaingia mtandaoni, nikazunguka weee, mpaka nikakuta watu wa huko na huko wanalia kilio hichohicho: magari yao meupe, nguo zao, vidoa vya njano vya uzi. Ni nyuki. Nyuki wakitoka mzingani wanajisaidia angani, na wakipita juu ya kamba zako, imekula kwako.

Nikamwambia Mama. Akanitazama kama mtu aliyepigiwa simu na namba ngeni.

"Nyuki anakunya?"

"Kila mwenye mdomo anakunya," Mamdogo akajibu kutoka dirishani, na mlivyomsikia hivyo mjue alikuwa anaisubiri nafasi hiyo siku zote mbili.

Ukisema nyuki, mtaani kwetu jina linalokuja ni moja tu. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Fundi Saa. Ni mzee mmoja mkavu, anatengeneza saa chumba cha mbele cha nyumba yake, na nyuma kwake ana mizinga mitano ameipaka rangi ya kijani. Ana kile kioo kidogo cha fundi wa saa, anakibana jichoni, basi hata akikuitikia shikamoo unahisi anakukagua skrubu. Hana ugomvi na mtu. Na Mama anasema mtu asiye na ugomvi na mtu, huyo ndiye wa kumchunga.

Tulikwenda kwake wawili, Mama mbele mimi nyuma, shuka kwapani kama kielelezo. Alitukaribisha vizuri, akavuta viti, akalitazama shuka na kile kioo chake muda mrefu mpaka Mama akaanza kukohoa. Akakubali ni mavi ya nyuki. Halafu akauliza swali ambalo Mama mpaka leo hajalisamehe.

"Jirani, umejuaje ni wangu? Nyuki hana alama ya moto kama ng'ombe."

Mama akamuuliza mtaa huu nani mwingine ana mizinga. Mzee akanyanyuka taratibu, akarudi na chupa ya kioo. Ndani nyuki waliokufa, wamekauka, labda mia. Akasema hao amewaokota mwezi huohuo chini ya ukuta wetu, upande wake, na yeye hajaja kutuuliza tunamwaga nini kwenye mtaro. Alisema kwa upole. Ule upole ndio uliotutia wasiwasi. Njiani Mama ananiambia, umeona, mtu wa kawaida anaweka maiti za wadudu kwenye chupa? Huyo anatuandalia kesi. Sisi tulale, yeye anaandika.

Basi kesho yake asubuhi tukatangulia ofisi ya mtaa.

Katibu ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba, na ana tabia ya kuivaa pale tu anapoanza kukushuku. Alitueleza mambo ambayo mimi nilikuwa siyajui kabisa. Kwamba haki yetu ni kukaa kwetu bila kero, na haki ya jirani ni kufuga bila kuonewa, na zinapogongana hizo mbili ndipo ofisi inapoingia. Kwamba hatuna ruhusa ya kuruka ukuta kugusa mizinga, wala kupulizia dawa, wala kuwasha moto wa tairi ili moshi uende kwake kwa bahati mbaya. Hiyo ya tairi aliisema huku anamtazama Mama, na Mama akatazama dari. Kuna bwana mmoja, akasema, alimtegea sumu mbuzi wa jirani aliyekuwa anamlia mboga. Aliingia ofisini mlalamikaji, akatoka mshtakiwa. Kwa hiyo sisi tumwandikie jirani barua kwanza, nakala ibaki ofisini, halafu tuandike kila siku: saa ngapi, mashuka mangapi, picha. Anayedai ndiye anayethibitisha.

Jamani, mimi nilipewa kazi ya kupiga picha na kuandika kwenye simu. Nilizaliwa kwa ajili hiyo. Siku kumi mfululizo nikaandika. Saa nne na robo, mashuka matatu, kamba ya sita. Saa saba, nyuki kumi na wawili kwenye ukingo wa pipa la maji ya kusuuzia, wanakunywa. Saa tisa, mvumo wa mashine ya maji ya jirani, unasikika chumba cha pasi. Ule mvumo Mama ndiye aliyesema niuweke, kwamba tukishaanza kumshtaki tumalize yote. Kwa mara ya kwanza maishani alinisifia simu. Akasema angalau leo hicho kidude kimepata akili. Na mashuka ya kliniki tukawa tunayaanikia ndani, vyumbani, sebuleni, unakula huku shuka linakupapasa kisogo. Hayakauki sawasawa, yananuka unyevu, matroni anakunja pua, ila hajarudisha.

Jumatatu iliyopita akaja afisa afya na ubao wake wa kuandikia. Nikamwonyesha picha. Akaona nyuki kwenye pipa kwa macho yake. Akapanda juu ya ndoo, akachungulia ukutani, akahesabu mizinga kwa kidole mpaka mitano. Akashuka, akauliza kama kuna mzinga mwingine wowote hapa karibu.

"Hakuna," nikajibu, haraka kuliko Mama.

Akaandika. Fundi Saa aondoe mizinga yote ndani ya siku kumi na nne, isipoondolewa ofisi itaichukua. Akiwa na ushahidi wa kupinga ana siku saba, mwisho Jumatatu, ambayo ni kesho. Ndani ya nyumba hakuingia. Alisimama mlangoni akasoma cheti chetu cha usafi, akasema angependa wote wangekuwa kama sisi. Mama akamkunjia taulo mpya, akasema ni ya kufutia jasho tu.

Jioni hiyohiyo Fundi Saa akasimama nje ya geti letu, karatasi ya amri mkononi. Hakuingia hata tulipomkaribisha. Akasema yeye habishani na ofisi, ila ana ombi moja. Wale nyuki wanaokunywa kwenye pipa letu, tuwapake ungaunga wa rangi, mathalani ile bluu yetu ya kufulia, kidogo tu, mgongoni. Halafu tutazame wanarudi wapi. Wakirudi kwake, atahamisha mizinga kesho yake bila kusubiri siku kumi na nne. Akashukuru, akaenda zake.

Mama alifunga geti kwa komeo mbili. Eti huyo anataka tushike nyuki wake watuume, halafu aseme tuliwatesa. Eti anataka kujua tunatia nini kwenye maji. Akapiga marufuku.

Mimi marufuku niliisikia. Lakini fikirieni: nikipata video ya nyuki wa bluu wanaingia kwenye mizinga ya mzee, amekwisha. Hana cha kupinga Jumatatu. Mashuka yanarudi juani, matroni anatulia, Mama anatulia. Mngekuwa ninyi, usingizi ungekuja kweli?

Alhamisi asubuhi Mama yuko kwenye mapipa ya mbele, nikachukua wanga mkavu, nikasagia tembe mbili za bluu, nikatia kwenye kopo la poda lenye matundu. Nyuki wakiwa wanakunywa hawana habari na mtu. Nikawapulizia, puf, puf, wakawa wa samawati kama wameshonewa sare. Nikakimbilia ukutani, nikapanda juu ya kreti, nikaielekeza simu kwenye mizinga mitano ya mzee, nikasubiri.

Dakika tano. Kumi. Nyuki wanaingia, wanatoka, wote rangi yao ileile ya siku zote. Nikaanza kumshuku mzee, labda ana mlango mwingine upande wa nyuma ya mzinga. Nikaishuku bluu, labda imepukutika. Nusu saa nzima mkono unaniuma. Nikashuka na hasira, nikarudi kwenye pipa, na nikakuta nyuki wa bluu anakunywa maji. Amekwenda, amerudi. Nikasema loo, huyu anaishi karibu.

Alipopaa nikamfuata kwa macho na kwa simu. Hakwenda ukutani. Alipanda juu, akazunguka mara moja, akanipita juu ya kichwa, akaelekea nyumbani kwetu. Kwenye paa letu. Pale juu ya dirisha la chumba cha pasi, ambapo mbao imeachana na bati kama unene wa kidole, akaingia. Akaja wa pili wa bluu, akaingia. Wa tatu akatoka. Nikaendelea kurekodi, dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Nikaingia chumba cha pasi. Mamdogo yuko katikati ya foronya, pasi ya makaa mkononi. Nikamwambia aache, asikilize. Akasema anasikiliza nini, si ile mashine ya maji ya jirani. Nikamwambia Mamdogo, nimekaa nusu saa juu ya ukuta wa jirani, hakuna mashine yoyote inayovuma kule. Akaiweka pasi chini, akainua kichwa. Mvumo uko palepale, juu ya vichwa vyetu. Na lile baka la kahawia darini, ambalo Mama amemsumbua mwenye nyumba miezi mitatu kwamba paa linavuja, Mamdogo akapanda kiti, akaligusa, akanusa kidole, halafu, Mamdogo huyu, akakilamba.

"Asali," akasema. Akashuka kitini polepole. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Kwa dobi hiyo si methali, ni taarifa ya habari.

Mama alipoitwa alitazama video mara mbili. Mara ya tatu akasema nisimamishe pale nyuki anapoingia. Nilitegemea atashtuka, atacheka, atalia, chochote. Aliuliza kitu kimoja.

"Nani mwingine ameona?"

Na hapo ndipo nilipoelewa anachokiona yeye. Afisa afya hakuingia ndani. Akijua kuna mzinga mzima juu ya meza inayopigiwa pasi mashuka ya wazazi, na asali inatona, ile fremu juu ya mlango inashuka siku hiyohiyo. Na kliniki haimpi kazi dobi asiye na cheti, hata kama angefua miaka tisini. Mpango wa Mama ulikuwa umekamilika kabla sijameza mate: tunyamaze, mizinga ya mzee iondoke, halafu tumtafute mtu wa mbali, asiyetujua, aje awatoe hawa kimyakimya. Nikamkumbusha mashuka ya Jumamosi. Asubuhi hiyo nilijaribu kuanika matatu nje, yote matatu yana vidoa, na ndani hayawezi kukauka yote maana mvua za manyunyu zimeanza. Akasema tutaona.

Mchana nikajifanya nakwenda kununua sabuni, nikapita kwa katibu. Nikamwambia nina rafiki yangu, nyuki wa jirani yake wamehama wenyewe wakaingia kwenye dari lake, sasa wale nyuki ni wa nani. Katibu akaniambia ukimwona nyuki wako anaondoka, ukamfuata, macho hayajampoteza, bado ni wako. Ukikata tamaa ukarudi nyumbani, si wako tena. Na kero inamhusu yule ambaye wanakaa kwake. Nikauliza hata kama hakuwaalika? Akasema panya nao nani huwaalika. Halafu akavaa miwani.

"Huyo rafiki yako," akasema, "ana cheti cha usafi?"

Sabuni sikununua.

Saa kumi Fundi Saa yuko getini. Mama alitoka kumzuia kabla hajabisha, mimi nikasimama nyuma ya Mama, simu mkononi. Mzee akasema asubuhi alimwona mtoto ukutani, nusu saa, anapiga picha, akapenda kujua anatafuta nini.

"Anapiga picha maua yako," Mama akasema.

"Mimi sina maua, Mama Dobi."

Mzee akauliza kama tuliijaribu bluu. Mama akasema hatukujaribu. Mzee akatazama vidole vyangu, vya bluu mpaka kwenye kiganja. Mama akamwambia mikono ya dobi ndivyo ilivyo, aje aone na yake. Na kweli, ya Mama nayo ilikuwa ya bluu, ya miaka yote. Mzee akatikisa kichwa, akaanza kugeuka.

Mwenzenu nilikuwa nafanya hesabu kichwani. Leo Alhamisi. Jumamosi furushi. Mtu wa mbali hatuna, na angepatikana angekuja lini. Na mtu pekee ninayemjua anayeweza kuingiza mkono kwenye nyuki akautoa na vidole vyake vyote anaondoka getini kwetu.

"Fundi," nikasema, "wako darini kwetu."

Mama hakugeuka kunitazama. Mabega yake tu ndiyo yaliyoshuka.

Mzee aliingia. Alivua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja chumba cha pasi, akaweka sikio ukutani, akafumba macho, kama anavyosikiliza saa. Alikaa hivyo mpaka Mamdogo akanikonyeza. Alipofumbua akasema ni kundi kubwa, lina miezi minne humo. Analijua, lilimtoka. Alilifuata mpaka ukutani kwetu, akaona tumeanika mashuka meupe uwanja mzima, akaona haya kubisha hodi.

"Kumbe ni wako," Mama akadakia.

"Nilipoacha kuwafuata si wangu tena. Kamuulize katibu."

Mama akanigeukia, mara ya kwanza tangu nifungue mdomo. "Unaona? Alikuwa anajua. Kutoka siku ya kwanza alikuwa anajua, na chupa yake."

Mzee akasema hakujua, alihisi. Na mtu hawezi kwenda kumwambia jirani aliyemletea shuka lenye mavi kwamba anahisi. Ndiyo maana akasema bluu. Mimi nilimwamini, lakini nikiwa nimemwamini hivyo nikakumbuka alivyosimama nje ya geti, akakataa kuingia. Miezi minne yuko kimya. Hata sasa sijui.

Akasema anaweza kuwatoa, kesho, siku moja, akija na sanduku na moshi. Lakini hapandi darini mikono mitupu. Tayari ana amri ya ofisi juu ya jina lake, kwa ajili ya nyuki ambao hawakuwa kwake. Akibomoa ubao wetu, akatoka na masega yetu, nani atamzuia Mama kesho kusema mzee aliwatia yeye mwenyewe? Mama akasema yeye ndiye wa kuogopa, kwa sababu nyuki wakishatoka ushahidi umetoka, na mzee anabaki na mdomo. Mama akataka mzee aandike kwamba nyuki ni wake. Mzee akataka Mama aandike kwamba ni wetu. Mamdogo akaleta kalamu, ikakaa mezani, hakuna aliyeishika.

"Nitumie hiyo video," mzee akaniambia. "Nikiwa nayo, napanda."

"Ifute," Mama akasema. "Sasa hivi, nione."

Wote wawili mikono imenyooka kwangu. Simu ina moto kiganjani. Namtazama Mama, nayaona mashuka ya Jumamosi nyuma yake, yamening'inia sebuleni, mabichi.

Nikaituma. Kwa mzee.

Mlio wa simu yake ulisikika mfukoni. Hakuitoa hata kuitazama. Akasema kesho saa kumi na mbili asubuhi, makaa ya pasi yasiwashwe, akavaa viatu vyake.

Ijumaa alifanya kazi kutwa. Alining'iniza wavu usoni, akang'oa ubao mmoja tu, akakata sega moja baada ya jingine kwa kisu chembamba, akayapanga kwenye sanduku taratibu, kama anaweka saa ya mtu. Aliumwa mara tisa, nilihesabu, hakusema hata aaa. Mama alikaa uwanjani siku nzima anahesabu kinachotoka. Jioni dari limesafishwa, ubao umerudi, ufa juu ya dirisha umezibwa, na sanduku limevushwa ukuta. Usiku kucha tulipuliza jiko la makaa sebuleni kukausha mashuka, na yaliyobaki tukayatoa nje Jumamosi jua lilipochomoza. Hakuna hata doa. Matroni alipitisha kiganja juu ya furushi, akatia saini, akauliza kama tumebadilisha sabuni.

Mngedhani imekwisha hapo. Haijaisha, ndiyo maana nawaandikia leo Jumapili.

Amri ya ofisi bado iko juu ya mzee. Katibu, nilipita tena kwake Ijumaa, alisema mlalamikaji anaweza kuifuta wakati wowote, waende wawili, waseme wamepatana, watie saini, basi, hakuna atakayeuliza zaidi. Mamdogo akasema si mwende tu. Mama, kupitia Mamdogo maana mimi hanisemeshi, akasema mzee afute video kwanza. Nikaipeleka habari hiyo ukutani. Mzee akasema amri ifutwe kwanza, video itafuata. Nikairudisha kwa Mamdogo, Mamdogo akaipeleka jikoni kwa Mama. Jikoni kukatoka jibu kwamba mtu mwenye nia njema haombi kuwa wa pili. Nikaenda ukutani tena. Mzee akasema hata yeye alikuwa anafikiria hivyohivyo.

Akiipeleka hiyo video kesho, mizinga yake inabaki, na afisa afya anakuja kutazama dari letu, na baka la asali bado lipo, halijatoka kwa sabuni yoyote tuliyonayo. Cheti kinashuka, kliniki inakwenda kwa mwenye mashine. Na mimi ndiye niliyempa. Lakini nisingempa, Jumamosi furushi lingerudi mara ya tatu, kliniki ingekwenda jana.

Leo mchana mzee alinisalimia ukutani, akaniuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi. Anajua inafunguliwa saa mbili, miaka yote. Sasa hivi namwona dirishani kwake, anatengeneza saa, simu yake imelazwa kifudifudi pembeni. Na Mama nyuma yangu amepiga pasi gauni lake la kwendea ofisini, amelitundika kwenye msumari. Hajasema anakwenda kusema nini. Mzee naye hajasema.

Haya, ninyi mnaosoma, semeni kweli. Mzee mkono huu, Mama mkono huu, simu kiganjani mwako. Ungeituma, au ungeifuta?